Njegere Alizozingojea Baba

14 Februari

Wifi yangu Bibi Shamba,

Pokea salamu zangu, ukipenda kuzipokea. Sisi tupo. Cherehani bado inanilisha. Mwaka huu nimepewa sare za shule mbili, kola nyeupe na sketi za bluu, mpaka ncha za vidole zimeota sugu. Binti yangu mkubwa kaolewa, mdogo yuko bweni, kwa hiyo nyumbani tumebaki mimi na Baba. Macho yake yamekwisha kabisa. Sasa mlango anautambua kwa kupapasa na watu anawatambua kwa mlio wa viatu.

Najua ni miaka miwili bila neno. Mimi sikuandika, nawe hukuandika. Yaliyosemwa yalisemwa, na barua hii siileti kuyafukua.

Nakuandikia kwa ajili ya Baba. Tangu mwisho wa mwaka chakula kinamshinda. Nikimpa uji anageuza uso ukutani. Anachotaka ni njegere, tena si za kununua. Nilimpikia za sokoni, akatafuna mbili, akanitemea kiganjani. "Hizi zina ladha ya gunia," akasema. "Nataka za Bibi Shamba." Unaona, jina alilokubatiza siku ulipoolewa na kaka hajalisahau.

Nimepanda mara mbili pale nyuma ya jiko, kwenye tuta lako lile lile. Haikutoka hata moja. Wewe ulikuwa unafanyaje? Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu, maana kwenye mambo ya udongo mimi ni kipofu kuliko Baba.

Wifi yako,
Fundi


3 Machi

Wifi Fundi,

Salamu zimefika. Barua yako ilinikuta kazini, ikakaa kwenye mfuko wa aproni siku nne kabla sijaifungua. Mimi mzima. Udobi ndio ule ule, ila siku hizi ni wa hospitali: mashuka mia mbili kwa siku, na mvuke unaokutoa jasho mpaka kwenye kope. Nimepanga chumba kimoja chenye ua mdogo nyuma, upana wa kitanda. Huko nimepanda njegere zangu kwenye ndoo za rangi, zimepanda kamba mpaka zinachungulia dirishani. Hongera kwa harusi ya binti. Nilimfundisha kuhesabu yule, ila habari za harusi ndiyo kwanza nazisoma leo.

Kuhusu njegere. Loweka mbegu siku tatu kamili, wala usibadilishe maji. Chimba mfereji wenye kina cha kiganja kizima. Jaza mbolea ya kuku, ile mbichi ya leo au ya jana, mbegu zilale juu yake moja kwa moja. Kisha mwagilia asubuhi, adhuhuri na jioni, udongo usikauke hata kidogo. Na usiwe na haraka ya kufukua uangalie.

Msalimie Baba. Mwambie ni mimi niliyemsalimu, kwa jina hilo hilo alilonipa.

Bibi Shamba


20 Aprili

Wifi,

Habari za siku nyingi na za mashuka. Huku tunasukuma siku. Cherehani iliharibika mkanda wiki nzima, nikawa nashona vifungo kwa mkono kama zamani.

Nilifuata kila ulichosema. Mbolea nilibeba kichwani kutoka kwa mfuga kuku wa mtaa wa pili, watu wakanipisha njia kwa harufu. Baba akataka atolewe nje. Nikamwekea kiti kando ya tuta, akainama, akaweka kiganja juu ya udongo akakaa hivyo, kama anapima homa ya mtoto. Tangu hapo kila asubuhi swali ni moja: "Zimechungulia?"

Siku ya kumi nilichoka kusema bado. Nikamwambia, "Zimechungulia, Baba." Akanyoosha mkono azishike. Nikamzuia, nikamwambia bado changa, zitavunjika. Akaurudisha mkono taratibu, akasema, "Basi nitangoja. Bibi Shamba hakosei."

Siku ya kumi na nne nilifukua. Mbegu zilikuwa zimegeuka uji, wifi, uji unaonuka.

Mkanda wa suruali ya Baba nimeutoboa tundu jingine. Chai anakunywa, na mkate kidogo akiuchovya. Kukuuliza anakuuliza. Anataka kujua kama una nyumba nzuri huko uliko. Nimemwambia ndiyo.

Nifanye nini sasa?

Fundi


6 Mei

Wifi Fundi,

Pole na kazi, pole na mkanda wa cherehani. Mimi mwezi uliopita niliungua mkono kwa pasi kubwa, umepona, limebaki kovu tu.

Mbegu kuoza hutokea. Labda wale kuku wana ugonjwa. Hilo tuta liache, hamia ukutani, upande wa jua la jioni, pale bati lilipoegemezwa. Njegere zinapenda joto. Panda kina kile kile. Zikitoka, lima kwa jembe karibu kabisa na shina, tena kwa nguvu, mizizi ipate hewa. Maua ya kwanza yakitokea yakate yote, na ya pili vile vile, mche upate nguvu.

Nyumba yangu ni nzuri, ndiyo. Ina kuta nne.

Baba amewahi kukuuliza juu ya ile Jumanne?

Bibi Shamba


12 Julai

Wifi,

Natumaini mkono umepona vizuri.

Njegere za ukutani zilitoka kumi na moja. Nyingine ziliungua na jua, nyingine zilikauka baada ya kulimwa. Mbili zilizobaki zilitoa maua, nikayakata kama ulivyosema. Hazikutoa tena.

Baba hatoki kitandani siku hizi. Hasemi mengi. Anazingoja tu.

Kuhusu Jumanne hajaniuliza. Nakuomba unieleze mara moja ya mwisho, kwa ukweli, namna ya kupanda. Wewe ndiye unayejua. Mimi nimeshika jembe mpaka mikono haishiki sindano.

Fundi


30 Julai

Wifi Fundi,

Leo salamu zitakuwa fupi. Nimepewa mapumziko ya mchana, nimekaa juu ya kapu la mashuka machafu, na nimeamua kuandika lile ambalo kila mara nilikuwa nalikata.

Unataka ukweli wa njegere. Mimi nataka ukweli wa Jumanne, na sitatoa wangu kabla ya wako.

Kaka yako alipopigwa na kiharusi tuligawana zamu ya kumwangalia. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nilikuwa mimi, nikiwa nimebadilisha saa zangu za kazi hotelini. Jumanne na Alhamisi ulikuwa wewe. Jumanne ile nilitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikakuacha umekaa kwenye kochi unakunywa chai. Nilikuaga. Ulisema, "Nenda, nipo." Saa tano mume wangu akaanguka bafuni. Baba alisikia kishindo. Aliita jina lako, akaita langu, hakuna aliyeitika. Alitambaa akipapasa ukuta mpaka akamfikia mwanawe kwenye vigae, na hakuwa na la kumfanyia zaidi ya kumshika kichwa.

Nilipoitwa kutoka kazini nilikuta nywele zako zimesukwa. Niliziona mimi, na sikuelewa mpaka siku ya kikao, uliposimama sebuleni mbele ya Baba Mdogo na ukoo mzima ukasema tulibadilishana zamu, kwamba Jumanne hiyo ilikuwa yangu na nikakimbilia kazini. Walikuamini. Wewe ni damu yao. Wakasema aliyemwacha mume afe peke yake hana haki ya kulala kwenye nyumba yake. Nyumba hiyo, wifi, nusu ya matofali nilibeba mimi. Nilitoka na begi moja, na Baba amekaa kwenye kiti chake, uso kautazamisha sakafuni.

Andika ilivyokuwa. Msomee Baba. Kisha uniletee karatasi hiyo hiyo, yenye jina lako kamili na saini. Nikiipata, nitakutumia mbegu zangu mwenyewe na maelezo yasiyo na kasoro. Nisipoipata, mpikie za sokoni.

Bibi Shamba


21 Agosti

Wifi,

Sikuweza kuandika salamu, karatasi ingejaa bure.

Jumanne ile zamu ilikuwa yangu. Hatukubadilishana. Niliona kaka amelala, nikasema nitakimbia saluni nirudi kabla hajaamka. Msusi alikuwa na wateja wawili mbele yangu. Nikangoja. Niliporudi nilimkuta Baba sakafuni ameshika kichwa cha kaka, na jambo la kwanza nililofikiria halikuwa kaka. Nilifikiria nitasema nini. Kwenye kikao nilisema uongo juu yako. Hukuwa na kosa lolote.

Nimeandika jina langu lote pembeni mwa karatasi, na saini, kama ulivyotaka.

Nimemsomea Baba. Aliomba nirudie kusoma. Halafu akasema, "Mwandikie aje."

Tuma mbegu.

Fundi


4 Septemba

Wifi Fundi,

Natumai barua hii itawakuta nyote wazima, Baba hasa. Yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, kisha nikamsomea mwenzangu wa kazini, yule tunayekunja naye mashuka. Hanijui kwa undani, ila nilitaka mtu mmoja asikie.

Sasa la kwangu. Yote niliyokuandikia juu ya njegere yalikuwa ya kuziua. Nilijua. Siku tatu kwenye maji huzioza, mbolea mbichi huziunguza, na mche wa njegere ukikatwa maua utazaa nini? Mwezi wa tatu niliandika nikicheka. Nilikuona kwa mawazo umebeba mbolea kichwani, na nikafurahi. Ulipoandika habari za kiganja cha Baba juu ya udongo, furaha ilinikwama, lakini niliendelea. Nilijiambia nakukomoa wewe, kumbe tumbo lililokuwa tupu ni lake.

Mbegu ziko ndani ya bahasha ndogo, hamsini na nne, nilizikausha kivulini mwenyewe. Loweka kuanzia jioni mpaka asubuhi tu. Rudi kwenye tuta la nyuma ya jiko, panda kwenye samadi ya zamani iliyokwisha kuwa udongo, kina cha pingili mbili za kidole, na kati ya mbegu na mbegu upana wa mkono. Mwagilia udongo ukianza kukauka, si kabla. Zikifika urefu wa shubiri, simika vijiti, funga kamba, zitapanda zenyewe. Magugu ng'oa kwa vidole, jembe liweke mbali. Ukiona wadudu weusi chini ya majani, wapanguse kwa maji ya sabuni. Chuma ganda likijaa lakini bado linang'aa. Likififia ni gumu kwa meno ya Baba.

Nimeomba likizo kuanzia tarehe moja Desemba. Nitakuja. Msomee Baba maneno haya: "Bibi Shamba anasema samahani kwa kuchelewa, na mara hii zitatoka."

Wifi yako


25 Novemba

Wifi yangu mpendwa,

Zimetoka. Zimetoka zote hamsini na nne. Zimepanda kamba, zimefunika dirisha la jiko, na jana nimechuma bakuli la kwanza. Nimezipika kwa chumvi tu. Kweli ni tamu, zina sukari yake. Nimezila peke yangu, nikakaa kwenye kiti cha Baba.

Baba alifariki tarehe tisa Juni.

Soma tena ukitaka. Juni. Barua yangu ya Julai niliiandika wiki ya tano baada ya kumzika. Mwishoni mwa mwezi wa tano, zile za ukutani zilipoanza kukauka, nilimwita bwana shamba anayekagua bustani za shule ninayoishonea sare. Akatazama, akaniuliza ni nani aliyeniambia nifanye hivyo. Nikampa barua zako zote mbili asome. Akasema, "Dada, huyu mtu anazijua sana njegere. Asiyejua hawezi kukosea kila kitu hivi."

Nilirudi ndani na barua zako mkononi, na Baba akaniuliza kama zimechungulia. Sikumwambia. Nilimwacha akuamini. Alikufa akiamini, siku kumi baadaye, na siku ya mwisho alisema tuta lisinyimwe maji.

Ndipo nikaamua kumweka hai kwenye karatasi. Nilitaka uendelee kumnyima. Nilijua ukidhani yupo utaendelea, kwa sababu ulikuwa unaona raha, na nilitaka siku ukijua ujue vizuri. Hukuwa unanikomoa mimi. Ulikuwa unamtesa mzee ambaye hakukutukana hata siku moja, na alipokwisha kufa ukaendelea kumtesa.

Yale ya Agosti sikumsomea mtu. Nilikuandikia ulichotaka kusoma ili unitumie mbegu. Hiyo karatasi futia machozi.

Jambo moja zaidi. Msibani watu waliuliza uko wapi. Niliwaambia nilikupigia simu ukasema huna nafasi. Waliamini. Wewe wanakujua.

Likizo njema.

Fundi


7 Desemba

Wifi Fundi,

Nakuandikia kutoka nyumbani kwa Baba Mdogo, umbali wa mitaa minne tu kutoka ulipo. Nimefika tangu Jumanne. Mke wake amenipa chumba cha wageni na hajambo, miguu tu inamvimba.

Barua yako niliipata asubuhi ya kusafiri, begi liko mlangoni. Niliisomea pale pale kizingitini. Nilitaka kurudi ndani nijifungie. Kisha nikaona kwamba umenipa karatasi mbili, wala si moja.

Baba Mdogo ameacha ukarani wa mahakama miaka tisa sasa, ila miwani bado anaivaa kwa namna ile ile ya kazini. Nilimpa ile ya Agosti kwanza. Aliisoma, akaigeuza nyuma kutazama kama kuna kitu, akaisoma tena. "Saini hii naijua," akasema. "Jina lake nilimfundisha mimi kuliandika, kwenye vumbi, kabla hajaanza shule." Nikampa ya Novemba. Alipofika kwenye maneno ya msibani alivua miwani, akamwita mkewe, akamwambia amsomee yeye iliyobaki.

Halafu akaniuliza, "Na hili la mbolea mbichi, ni kweli?"

Nikasema ni kweli.

"Ulijua mzee anazingoja?"

Nikasema nilijua.

Hakunipa pole, wala sikuingoja. Jioni alinipeleka makaburini. Baba yuko kulia kwa kaka yako. Nilikaa mpaka mlinzi akaja kufunga lango. Sikuwa na la kumwambia Baba ambalo lisingekuwa la kujitetea, basi nikanyamaza.

Wewe hutapata nafasi ya kunyamaza. Ameitisha kikao Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, sebuleni mle mle, na watu wale wale waliobaki hai. Ametuma ujumbe kwa kila mmoja, na huyo anayekuletea barua hii ni mkewe mwenyewe, ili usiseme haikufika. Utasimama pale uliposimama siku ile, na utaisoma ya Agosti kwa sauti yako, kisha ya Novemba. Baada ya hapo watazungumza habari ya nyumba. Baba Mdogo ameshanionyesha alichokiandika, na mwisho wa mwezi huu uanze kutafuta pa kuweka cherehani. Sitakuonea huruma. Nilikuwa nimeanza, Septemba, nayo umeila pamoja na njegere.

Uje na barua zangu zote, usiache hata moja. Ile ya Machi na ile ya Mei nitazisoma mimi, mbele yao, neno kwa neno, pamoja na mahali nilipocheka. Wakitaka kunifukuza tena baada ya hapo, safari hii watanifukuza kwa kosa nililolifanya.

Bibi Shamba